Darasa la Kichina la watoto huku Tudor: daftari la vijumba limeishinda programu ya simu

Wazazi wenzangu wa Mombasa, mie nimemaliza muhula wa pili nikimpeleka binti yangu kwa lile darasa la Kichina la watoto huku Tudor, ana miaka 8, na kwa vile watu wengi waniuliza kama pesa inaenda bure ama la, wacha niseme yote hapa mara moja.

Kwanza mjue tulikotoka. Mwaka jana tulilipia programu moja ya simu, zile za picha na nyimbo, mtoto anagusa picha ya paka simu inasema māo, akipatia anapewa nyota. Miezi mitano hiyo. Nyota zikajaa kioo kizima, lakini siku moja nikamwandikia neno paka kwa Kichina kwenye karatasi, bila picha bila sauti, akaliangalia tu. Hakulijua. Namuuliza mbona na hizi nyota zote, akaniambia mama kwa simu nakumbuka pale linapokaa. Niliumia wallahi, manake nilidhani yuasoma kumbe yuakisia.

Sasa hapa darasani siku ya kwanza hakuna hata kioo kimoja. Watoto walipewa penseli na daftari la vijumba, kila kijumba kimekatwa kwa mstari wa kulala na wa kusimama, Wachina wenyewe waliita tianzige kwa sababu kijumba chafanana na herufi yao ya shamba 田, na ile mistari ndiyo inamwonyesha mtoto kila mkato uanzie wapi na uishie wapi. Ticha ni binti wa hapahapa Mombasa amesomea China, watoto wamwita laoshi yaani mwalimu. Anawafanya waandike kwanza hewani kwa kidole, halafu kwenye kiganja, halafu ndio daftarini, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na ukikosea mpangilio unarudia hata kama herufi imetoka nzuri. Nikamuuliza kwa upole, mwalimu, kwani hamtumii hata tableti? Akanikalisha akanieleza, na hayo maelezo ndiyo yamenifanya niandike hapa.

Alianza na Kiswahili. Mtoto wetu akishajua ba be bi bo bu basi amemaliza, anaweza kukusomea gazeti zima hata maneno asiyoyaelewa, kwa sababu kila herufi ina sauti yake na haimgeuki. Kichina hakina mlango huo. Mtoto wa shule kule China akimaliza darasa la pili anatakiwa atambue herufi 1,600 na aweze kuandika 800 kwa mkono, akimaliza darasa la sita ni 3,000 za kutambua na 2,500 za kuandika, na hawezi kuzipata kwa kuunganisha sauti kama sisi. Zaidi ya hapo kuna maneno chungu nzima yanayotamkwa sawa kabisa, kwa hivyo ukishika sauti peke yake umeshika nusu tu.

Ndio ubongo unatafuta njia nyingine. Mwaka 2004 watafiti wa Hong Kong walipima bongo za watoto wa Kichina wakiwa wanasoma, wakaona wale wenye shida ya kusoma ipo sehemu ya mbele upande wa kushoto ambayo haifanyi kazi kama kwa wenzao, ilhali kwa watoto wanaosoma Kiingereza shida kama hiyo huonekana zaidi nyuma kule, juu ya sikio la kushoto. Na hiyo sehemu ya mbele iko jirani na zile zinazopanga mwendo wa mkono. Mwaka uliofuata Li Hai Tan na wenzake wakaonyesha kwa watoto wa Beijing kwamba anayeandika vizuri kwa mkono ndiye anayesoma vizuri, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu kuliko ule wa kusoma na kuchambua sauti. Yaani mkono unauwekea ubongo kumbukumbu ya herufi. Halafu mwaka 2013 wakaja na lingine, kwamba watoto waliokuwa wakiandika sana kwenye vifaa kwa pinyin, ule uandishi wa Kichina kwa herufi hizi zetu, walikuwa na alama za chini zaidi za kusoma. Nikaikumbuka ile simu yetu na nyota zake nikanyamaza.

Na mkifikiria, sisi watu wa pwani hili si geni. Chuoni, yaani madrasa, maalim alikuwa anakuandikia kwenye ubao, wewe unapitisha kalamu juu ya maandishi yake mpaka alifu na be zikakuingia. Mama yangu hadi leo akisahau herufi anaichora kwa kidole pajani. Basi binti yangu naye siku hizi ukimuuliza neno akakwama, anaandika kidole kiganjani, halafu ndio analisema.

Kitu kingine nilichokipenda, laoshi hawakaririshi tu, anawafungulia herufi ndani. Herufi ya mama 妈 kushoto ni mwanamke, kulia ni farasi, farasi hana kazi yoyote pale isipokuwa kukupa sauti, mǎ. Herufi za bahari, mto na ziwa zote zina vitone vitatu vya maji ubavuni. Na maneno ya kuunganisha nayo matamu, umeme na ubongo ukiyaweka pamoja ni kompyuta, umeme na maneno ni simu. Nyumba nzima sasa tunabahatisha, mpaka baba yake akija kutoka bandarini anaulizwa umeme na kivuli ni nini (ni filamu).

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndio zinawasumbua. Sauti nne, ma moja inaweza kuwa mama, katani, farasi au kugombeza, na mtoto wa Kiswahili amezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi anakaza kila kitu vivyo hivyo. Laoshi aliwaambia wenye nyanya Wadigo wakawasikilize nyanya zao, kwani Kidigo pia kina toni. Nilifurahi sana kusikia lugha ya kwetu imeheshimiwa ndani ya darasa la Kichina.

Sasa kasoro, na hizi nimemwambia mwenyewe. Chumba kina feni moja, na mwezi wa pili na wa tatu mnajua Mombasa ilivyo, watoto wanatoka wamelowa daftari zimeshika jasho. Wamechanganywa, wa miaka 6 na wa 12 pamoja, wadogo wanachelewa kumaliza kijumba na wakubwa wanaanza fujo, hili kwangu ndilo kubwa, wagawe makundi mawili hata kama itabidi tuongeze mia tatu. Daftari za fotokopi mistari imefifia. Na kundi la Jumamosi asubuhi lagongana na chuo, tulipoteza wiki tatu kabla ya kuhamia Jumanne.

Bei twalipa 2,500 kwa mwezi, siku mbili kwa wiki saa moja na nusu. Kwa miezi yote hii ameshika herufi kama 130 za kuandika bila kuangalia, nimezihesabu mwenyewe kwa karatasi tupu, na akikutana nazo mahali pengine anazisoma. Anayetaka mtoto aongee Kichina upesi upesi amsalimie mgeni atavunjika moyo, huku mwendo ni wa polepole. Anayetaka asome, ampeleke. Muhula mpya waanza wiki ijayo, ulizieni kundi la Jumanne, na mnunue daftari zenu wenyewe, zile zenye mistari iliyokolea, msingoje za fotokopi.