The God of High School: mateke yamechorwa kwa heshima, hadithi imenyimwa pumzi

Nimeirudia anime hii (katuni ya Kijapani) zaidi ya mara moja na bado naipenda, ndiyo maana nataka kuisema kwa kirefu. Wengi huipa alama ya juu kwa mapigano au ya chini kwa hadithi, kisha wakaishia hapo. Mimi naona mambo hayo mawili yanahusiana, na kinachoiumiza hadithi mwishowe kinayaumiza hata mapigano yenyewe.

Kwa asiyeifahamu, The God of High School ina vipindi 13 vilivyorushwa kati ya Julai na Septemba 2020. Imetengenezwa na studio ya MAPPA ya Japani chini ya mwongozaji Sunghoo Park, ambaye mwenyewe ni Mkorea. Imetokana na manhwa, yaani katuni ya Kikorea ya kusoma, ya Yongje Park iliyoanza kutoka mtandaoni Korea Kusini mwaka 2011. Wanafunzi wa sekondari wanaitwa kwenye mashindano makubwa ya kupigana, kila mtu na mtindo wake, hata silaha zinaruhusiwa, na mshindi ataomba chochote akitakacho na kutimiziwa. Tunawafuata watatu: Jin Mori, mcheza taekwondo aliyefundishwa na babu yake, Han Daewi, mtu wa karate, na Yu Mira, binti anayebeba mtindo wa upanga wa ukoo wake na hofu kwamba utapotea mikononi mwake.

Nilicheza taekwondo nilipokuwa sekondari, kwa hiyo macho yangu huenda kwanza kwenye mguu uliobaki chini. Teke la kuzungusha halianzii kwenye mguu unaopiga. Linaanzia kwenye nyonga, na nyonga haiwezi kufunguka kama kisigino cha mguu wa kusimamia hakijageuka kumwelekea unayempiga. Katika anime nyingi mguu hutokea tu usoni kwa mtu, hujui umepita njia gani. Hapa wachoraji wamemfanya Mori ageuze kisigino, akunje goti kabla ya kulifyatua, mikono ikae pale inapotakiwa ili asianguke, kisha atue na kujipanga upya. Yote hayo yanapita ndani ya nukta chache, lakini yapo, na aliyewahi kufundishwa atayaona. Mimi nilijikuta nikirudisha nyuma vipande fulani ili tu kutazama miguu.

Hata tofauti ya mitindo imetunzwa. Mori ni mwepesi, anapenda kupanda hewani na kutumia masafa ya mguu. Daewi anasimama chini kama mwenye mizizi, anakubali kupigwa ili aingie karibu, na ngumi yake inatoka kiunoni. Akija Park Ilpyo unaona kitu kingine kabisa. Yeye ni mtu wa taekkyeon, sanaa ya jadi ya Korea ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011, na mwendo wake una ule mdundo wa kuyumba unaofanana na ngoma, ghafla mguu unachomoka mahali usipoutarajia. Anapokutana na Mori, hata ukifunga sauti utajua nani amefundishwa nini. Hilo si jambo dogo. Mashindano yanayodai kukusanya mitindo yote ya kupigana yanapaswa kukuonyesha kwamba mitindo haifanani, na hapa yamefanya hivyo.

Kamera nayo inazunguka wapiganaji, inapita chini ya mikono, inarudi mgongoni. Manhwa unaisoma kwa kuteremsha kidole kwenye simu na mwendo unaupanga wewe. Unaweza kuganda kwenye picha moja hata dakika nzima. Anime haiwezi kukupa uhuru huo, ikabidi itafute njia yake, na nadhani imeipata. Muziki wa kufokafoka na wa kielektroniki unasukuma mapigano vizuri, na wimbo wa kufungulia siuruki. Napenda pia kwamba Seoul imebaki Seoul. Hawakuhamisha kisa kwenda Tokyo wala kuwapa watoto hawa majina ya Kijapani. Pua zao zilizopakwa wekundu zilinisumbua mwanzoni, nikazizoea.

Sasa kasi. Vipindi 13 vimejaribu kubeba zaidi ya sura 100 za manhwa. Hata kama sura za manhwa ni fupi, huo ni mzigo mzito, na unauona vizuri kwa Mira. Huyu ni msichana aliyelelewa kuamini kwamba bila yeye upanga wa ukoo utakufa. Anafikia hatua ya kukubali kuolewa na tajiri asiyempenda ili jina la ukoo lisimame tena. Jambo hilo lina uzito kwa mtu yeyote aliyewahi kuona binti akitolewa kafara kwa heshima ya familia, na sisi tunawajua mabinti hao. Lakini posa, harusi, marafiki kuvamia harusi na binti kubadili mawazo vinapita upesi kiasi kwamba sikupata nafasi ya kumwogopea. Sikumwona akikaa peke yake na uamuzi ule. Nilitaka usiku mmoja tu wa Mira kabla ya harusi, hata kimya kimya, nisingehitaji zaidi.

Kwa Daewi mambo ni afadhali, na kipindi cha 5 ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Daewi aliingia mashindanoni kwa sababu ya rafiki yake anayeumwa saratani, na ombi lake lilikuwa la kumwokoa. Anaposimama mbele ya Mori, ngumi zake zimebeba msiba. Hapo anime ilisimama kidogo ikaturuhusu tujue kwa nini huyu kijana anapiga hivi, na ghafla kila ngumi ikawa na maana. Teke lilelile ambalo kipindi cha kwanza lilikuwa zuri kulitazama, hapa linauma. Kipindi hicho kinathibitisha kwamba watengenezaji walijua kazi yao. Walikosa muda tu.

Na ushahidi mwingine upo karibu. Oktoba 2020, mwongozaji yuleyule katika studio ileile alianza anime nyingine, Jujutsu Kaisen, akapewa vipindi 24 kwa msimu wa kwanza. Mapigano ni makali vilevile, lakini kule watu wanakula pamoja, wanabishana, wanakaa kimya, kwa hiyo mmoja akiumia unashtuka. Ukizitazama mbili hizi mfululizo hutaweza kumlaumu mwongozaji. God of High School ilistahili vipindi 24.

Kinachoniuma zaidi kinakuja kuanzia katikati. (Asiyependa kuharibiwa utamu aruke aya hii na inayofuata.) Kuna charyeok, nguvu ambayo mtu anaiazima kwa mungu, kiumbe wa ngano au shujaa wa kale. Kuna kundi la siri liitwalo Nox. Kuna Park Mujin, mbunge anayeendesha mashindano kwa malengo yake. Kuna funguo, kuna miungu inayotaka kushuka. Katika manhwa vitu hivi vinaingia kidogo kidogo mpaka unavizoea. Hapa vinamwagwa kwa pamoja, na maelezo hutolewa na mtu anayezungumza huku nyuma yake jengo linaporomoka. Mimi natazama kwa maandishi ya Kiingereza, na ilinibidi nisimamishe mara kwa mara nisome tena nani anamtumikia nani. Mwenye simu ndogo na bando la kuhesabu ataumia zaidi yangu.

Na hapa ndipo ule uhusiano niliousema mwanzoni unapoonekana. Kwa kuwa hadithi inakimbizwa, inafika kwenye miungu mapema mno, na miungu ikishafika miili inapotea. Ilpyo anaita mbweha wa mikia tisa. Jegal Taek, mshiriki mwingine, anageuka kitu kikubwa cha kutisha. Mori naye anatambulika kuwa ni Sun Wukong, Mfalme Nyani wa ngano za kale za China. Ni wazo zuri, nalipenda, na lilipandwa tangu mapema kwa anayetazama kwa makini. Ila kuanzia hapo kisigino hakihitaji tena kugeuka. Nyonga haina kazi mbele ya nguzo inayorefuka mpaka mawinguni. Kila pigo linakuwa mwanga na mlipuko, na mwanga wa huyu hautofautiani na wa yule. Kile ambacho anime hii inakifanya vizuri kuliko wenzake, kuonyesha mtu mwenye mifupa na pumzi akipigana na mtu mwingine, inakiacha wakati mashindano yanafika kwenye kilele. Vipindi vya mwisho vimechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini mimi nilikuwa nawatamani wale watoto watatu waliokuwa wakijichubua magoti kwenye raundi za mchujo.

Jambo jingine dogo ni majeraha. Washiriki wanatibiwa kwa mashine ndogondogo zinazowaponya haraka, na raundi inayofuata wako wazima. Naelewa kwamba mashindano lazima yaendelee, lakini hofu inapungua. Mchezaji wa kweli huingia raundi ya pili na ugoko uliovimba, na mpinzani anaujua, analenga hapohapo. Hicho ni chanzo kikubwa cha mvutano ambacho hakikutumika ipasavyo.

Ningekupa ushauri gani? Kama unafundisha au unacheza taekwondo au karate, itazame, na uwaonyeshe vijana wako raundi za mwanzo polepole. Watabishana kuhusu mateke mpaka jioni. Kama unatafuta hadithi ya kukushika moyo, anza na manhwa, soma mashindano ya awali mpaka umfahamu Mira vizuri, ndipo urudi kwenye anime uone mapigano yakitembea. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili na nilifurahia zaidi, kwa sababu nilikuwa na yale yaliyorukwa kichwani. Na kama bando lako ni dogo, pakua vipindi vitano vya kwanza tu. Pigano la Daewi na Mori lisipokugusa, vinane vilivyobaki haitakupasa kuvitafuta.