Rekoda isiyo na laini: miaka mitatu nayo vijijini Mtwara

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, Februari 2022. Muuzaji alianzia 220,000. Nikamwambia kaka, mimi natoka Masasi, sitoki Ulaya. Tukamalizana kwa 185,000, betri mbili juu. Kampuni siitaji, maana nina mazuri na mabaya ya kusema na sitaki maneno na mtu. Ni rekoda nyeusi, urefu wake kama kitana cha mfukoni, vipaza sauti viwili vimechomoza kichwani kama pembe za konokono, kioo kidogo kama cha kikokotoo, taa moja nyekundu, na kitufe kimoja cha ubavuni ambacho nitakisema vibaya kikifika zamu yake.

Naandika kwa wenzangu wasaidizi wa utafiti, wale ambao mtafiti mkuu anawapigia siku tatu kabla ya safari: "Dada, rekoda hatuna bajeti, utatumia simu yako." Msitumie simu zenu. Nilitumia yangu miaka sita, nina haki ya kusema. Mama anaeleza siku aliyofukuzwa nyumbani, mlio wa muamala unaingia. Unaweka hali ya ndege, unasahau kuiondoa, mwenzako wa bodaboda anakutafuta hadi magharibi. Halafu kumbukumbu inajaa katikati ya sentensi kwa sababu ya video za harusi ya binamu.

Lakini hayo ni madogo. Jambo kubwa niliambiwa na mhojiwa mwenyewe, kijiji kimoja cha Newala, wiki ya kwanza nilipotoka na rekoda hii. Aliichukua mkononi, akaigeuza mgongo, akauliza, "Hii ina laini?" Nikamwambia haina. "Haiingii WhatsApp?" Haiingii. Akairudisha mezani, akavuta kigoda chake karibu. Nilikuwa nimesoma maelezo yote ya kiwandani kwenye boksi, ubora wa sauti, saa za betri, uzito. Hakuna mahali walipoandika kwamba sifa yake kuu ni kutokuwa na laini.

Niseme kazi yenyewe ili mwelewe kwa nini swali lile lina uzito. Miradi mitatu niliyofanya na rekoda hii yote ni ya wanawake na shule, na mkubwa kati yake ni wa wanawake waliotoka shuleni kwa ajili ya ujauzito. Mahojiano 64, Masasi na Newala. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kukiuka maadili, na ujauzito ukawa unahesabiwa humo. Juni 2017 hayati Rais Magufuli alisema hadharani Chalinze kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shule. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba sasa warudi. Kwa hiyo wengi ninaokaa nao wamefungiwa mlango, wakaolewa au wakaachwa, wakalima korosho, kisha wanasikia redioni mlango umefunguliwa na mtoto wa mimba ile yuko darasa la tatu. Baadhi yao wanasoma jioni kwa mpango wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, hatua ya kwanza mwaka mmoja, wanafanya QT, yaani mtihani wa maarifa, hatua ya pili mwaka mmoja, halafu mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Kuna kitu kingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria nzuri, siipingi. Ila ukiingia ndani ya nyumba unakuta yule mwanamume leo ndiye mume, ndiye anayepalilia shamba, ndiye baba wa watoto watatu. Jina lake likinaswa na mashine linaweza kuwa kesi. Ndiyo maana takwimu za shule zinaonyesha utoro mwingi kuliko mimba: wahojiwa kadhaa waliniambia kwenye daftari la mahudhurio wao waliandikwa watoro tu, mwalimu kawahurumia, au mzazi kaomba. Watafiti wamekuwa wakiuliza kwa nini wasichana wanaacha shule tangu Profesa Marjorie Mbilinyi alipokuwa kijana miaka ya 1960 mwishoni, na jibu la "utoro" bado linajaza safu ile ile ya jedwali.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwekea mezani simu janja, unamwekea kijiji kizima.

Betri. Inatumia betri za remoti, mbili, na hapo aliyeibuni namwombea pepo. Rekoda za kuchaji ni nzuri mjini. Kijijini umeme ukikatika saa tano asubuhi hujui utarudi lini, lakini betri za remoti zipo kila duka linalouza sabuni na chumvi. Zile nzuri zilinipa siku sita nikirekodi saa nne kwa siku. Zile za 500 za jozi zinakufa siku ya pili, na zinakufa bila kuaga: kioo kinaonyesha mistari miwili ya nguvu, kisha kiza. Faili halipotei, hilo nalisifu, linajihifadhi lenyewe kabla ya kuzima.

Kumbukumbu GB 4. Nikiweka MP3 ya 128 napata saa zaidi ya 60, inatosha safari nzima. Kioo hakina mwanga. Msimu wa korosho wanawake hawana mchana. Wanaokota, wanaanika, wanasubiri mnada. Mahojiano ni baada ya isha, na mimi namulika kioo kwa tochi ya simu ili nione kama dakika zinakwenda. Aibu kwa mashine ya bei hiyo.

Sauti? Ndani ya nyumba ya udongo ni tamu kuliko redio. Mahojiano namba 19 mama alikuwa anapepeta mchele huku anaongea, na ninaposikiliza nasikia ungo upande wa kushoto, sauti yake katikati, mtoto anakoroma kulia. Nje ni habari nyingine. Newala ina upepo, mtu aliyesimama pale ukingoni kutazama bonde la Ruvuma anaujua. Kile kisifongo cha kuvalisha vipaza sauti hakimo kwenye boksi, nilikata soksi ya mtoto nikaikunja mara mbili. Mvua juu ya bati, acha kabisa, kunywa chai na subirini. Majadiliano ya kikundi ya watu wanane inawasikia watano wa karibu vizuri na watatu inawafanya kama wako kisimani. Dawa yake: usiiweke juu ya meza tupu, kila mtu akigusa meza ni radi. Kunja kanga mara nne, ilaze juu yake katikati, na yule bibi wa sauti ndogo mkalishe mbele, mpe sababu ya heshima.

Sasa taa na kile kitufe.

Mwezi wa kwanza niliona taa nyekundu inaniharibia kazi. Wanawake walikuwa wanaitazama. Mtu anaanza kusimulia, macho yanatua kwenye kile kidoa chekundu, sentensi inakatika, anakuwa kama anatoa ushahidi. Nikatafuta kwenye menyu namna ya kuizima, haipo. Nikakata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme nikaibandika. Nikajiona mjanja, nikawaambia na wenzangu.

Kitufe ni cha kufunga, kile cha kusukuma ili vitufe vingine visibonyezeke mfukoni. Kimewekwa ubavuni, mahali dole gumba linapita ukiitoa kwenye pochi. Kikiwa kimefungwa, ukibonyeza kurekodi mashine inaandika neno moja kwenye kioo kwa sekunde moja, kisha inanyamaza. Hailii, haitetemeki. Dalili pekee iliyobaki ni taa kutowaka, na taa nimeifumba mwenyewe.

Siku moja nilikaa na mama mmoja dakika 50. Alikuwa mtu wa 31 katika orodha yangu. Alianza taratibu, kisha akafunguka kama mtu aliyekuwa anasubiri. Alimtaja mwanamume kwa jina, ukoo wake, na mwalimu aliyewakuta. Nilipofika nilikofikia usiku, hakuna faili.

Kilichofanya nirudi ni kwamba fomu ya ridhaa inasema mahojiano yatarekodiwa, na mtu ana haki ya kujua kilichotokea. Siku mbili baadaye nilikwenda, nikamwambia ukweli, mashine haikushika neno hata moja, kosa langu. Alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia tuanze upya, ila kwanza akaitazama rekoda akauliza, "Mbona umelifumba jicho?" Nikaeleza, watu wanaliogopa. Akasema, "Toa. Mimi nataka nilione likiwa macho."

Nikabandua.

Akasimulia tena. Hadithi ile ile, shule ile ile, mvua ile ile siku alipotoka, ila mwanamume sasa hakuwa na jina. Alikuwa "mtu mmoja tu". Mwalimu aliyewakuta naye hakuwepo kabisa. Mara mbili alisema, "Izime kidogo, dada," nikabonyeza kusimamisha, taa ikaanza kupepesa, akaihakiki kwa macho, akasema alichosema, kisha akanipa ishara ya kidevu niwashe. Alikuwa anaiendesha kwa macho vizuri kuliko mimi kwa vidole.

Mtafiti mkuu, niliporipoti, alitaka nijazie ya kwanza kutoka kichwani. Data tajiri ile, alisema. Tulibishana kwa simu nikiwa stendi ya Masasi na mpiga debe ananisukuma na begi lake. Nilimwambia mara ya kwanza aliongea hajui nini kinaendelea, maana hata mimi sikujua, na mara ya pili aliongea akiona taa, basi ya pili ndiyo aliyonipa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na mafunzo yake tunahudhuria, tunapewa soda na cheti. Lakini maana ya ridhaa niliielewa kwenye kigoda kile. Kilichosemwa taa ikipepesa hakimo kwenye ripoti, na hapa hakimo.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yangu ya zamani juu ya taa. Nilikuwa nawaambia watu ni kasoro ya kiwandani. Nikipata nafasi ya kuongea na mbunifu nitamwambia aifanye kubwa zaidi, na kitufe cha kufunga akihamishie chini ambako dole gumba halifiki, na kikiwa kimefungwa mashine ilie.

Kwenye kutranskraibu, yaani kuyaandika yaliyorekodiwa, haina mpinzani kwa bei yake. Unapunguza kasi bila sauti kuwa ya jini, na kuna kitufe cha kurudia kipande kile kile, unaweka mwanzo, unaweka mwisho, inazunguka hadi useme basi. Mahojiano ya saa moja yananichukua saa tano kuyaandika, na bila kile kitufe yangekuwa saba, maana mama wa Kimakonde akichanganya lugha zake mbili katika sentensi moja anakimbia. Waya wake wa USB lakini ni mfupi kama kamba ya mbuzi, kompyuta na rekoda vinabaki vimegusana. Na majina ya mafaili ni namba tupu za tarehe. Ukikosea kuweka saa siku ya kwanza, kama mimi, mahojiano yako 9 yatakuwa yamefanyika mwaka 2015.

Ina mafolda matano, na hilo nalipenda. Moja kwa kila kijiji, la tano naliacha tupu kwa ajili ya wahojiwa wenyewe. Wengi wanaomba kujisikia. Nampa vipokea sauti, anasikiliza dakika mbili, na karibu kila mtu anasema kitu kile kile, kwamba hakujua sauti yake ni nene hivyo. Mmoja aliomba aiimbe jedwali la kuzidisha la tano, alikuwa ndio kwanza amelirudia darasa la jioni, miaka 27. Liko folda la tano, sekunde 48.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kitufe na kioo kisicho na mwanga.

Ukienda kuinunua, usikubali iliyofungwa kwenye nailoni bila kujaribu. Mwambie muuzaji afungue mlango wa betri, angalia zile chemchemi kama hazina ukungu wa kijani. Rekodi dakika moja pale pale dukani na makelele yote ya Aggrey, sikiliza. Weka tarehe kabla hujatoka. Na ukiona taa nyekundu imefifia, chagua nyingine.