Uzoefu wangu: transfoma ya kushushia stima kwa mashine ya Marekani

Nasema mapema: imenifaa, na ningeinunua tena. Lakini ina masharti, na muuzaji hakunieleza hata nusu yake.

Mamangu mkubwa aliniletea mashine ya kukandia unga kutoka Marekani. Kwa sisi tunaopika mahamri ya kuuza hapa Mombasa, chombo kama hicho si cha kuwekwa kabatini. Kibandiko chake kinasema volti 120, hezi 60 (yaani mizunguko ya stima kwa sekunde), wati 325. Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50, kwa hiyo nikatafuta transfoma ya wati 1000. Wati zimezidi kwa makusudi, kwa sababu mota ikianza kuzunguka na unga mzito huvuta stima nyingi kwa ghafla.

Transfoma imeandikwa kuingia 220, kutoka 110, na wengi huogopa wakiona hivyo. Kazi yake ni kugawa kwa mbili tu: ikipewa 240 inatoa 120, kiasi kile kile mashine ya Marekani inachotaka. Fundi alipima kwa mita mbele yangu, na ilikuwa karibu na hapo. Stima ya mtaani ikishuka, nayo inashuka.

Kwa vitu vya Japani hesabu ni nyingine, na bandarini kwetu vinashuka vingi. Kule ni volti 100. Jirani alipotaka kuazima transfoma yangu kwa jiko lake la Kijapani la kupikia wali, nilimkatalia kwa mapenzi. Volti 120 kwenye chombo cha 100 hufanya joto lizidi kwa kama asilimia 44, maana nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Anahitaji transfoma inayotoa 100 hasa.

Tena, transfoma haibadilishi hezi. Mashine yangu ina mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka), haijali 50 wala 60. Feni ya Marekani itazunguka polepole kuliko kwao, na saa ya zamani inayofuata hezi za stima itachelewa dakika 10 kila saa.

Lalamiko langu kubwa ni matundu. Transfoma nyingi za bei nafuu zina matundu mawili bapa, na mashine yangu ina pini tatu. Dukani nilishauriwa niikate ile ya tatu. Jamani, msikubali! Pini hiyo ni ya waya wa ardhi, unaokukinga usipigwe na stima, na jikoni mikono imelowa kutwa. Nilizunguka Mwembe Tayari mpaka nikapata yenye tundu la tatu, tena fundi akahakikisha waya huo umeungwa kweli ndani.

Inavuma kidogo, na hupata joto hata mashine ikiwa imezimwa, maana yake inakula tokeni za stima bure. Mimi huzima swichi ya ukutani kila nikimaliza.

Chaja za simu na laptopu zisikusumbue: zikiwa zimeandikwa 100–240 V, 50/60 Hz, kinachotakiwa ni adapta ya plagi tu. Na kikausha nywele cha Marekani cha wati 1500, mpe mtu anayerudi huko. Transfoma ya kukibeba ni nzito mno, na hapa mjini utapata kipya cha volti 240 kwa pesa ndogo kuliko hiyo.