Tahadhari: Muuzaji wa Seti za Kujengea Ndege ya Rimoti Aina ya Tiger Moth Anatapeli Watu

Naandika kuwatahadharisha wote wanaojenga ndege ndogo za rimoti, hasa wale wanaoanza, juu ya mtu anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram hapa nchini kwamba anaagiza kutoka Uingereza seti za kujengea Tiger Moth, ile ndege ya zamani ya mafunzo yenye mabawa yaliyopangana, moja juu na jingine chini. Watu ninaowafahamu wamemlipa. Wengi wao hawakupokea kitu chochote, na mmoja, kijana anayesoma chuo cha ufundi Dar es Salaam, alipokea boksi ambalo tumelikagua pamoja kipande kwa kipande. Kwa niliyoyaona ndani ya boksi hilo, na kwa jumbe za malipo nilizoonyeshwa na wenzetu, nasema bila kusita kwamba mtu huyu asitumiwe hata shilingi moja.

Jina lake silitaji kwa sababu analibadilisha kila anapofungua ukurasa mpya, na kwa sababu malalamiko tayari yako polisi. Alama zake, hata hivyo, hazibadiliki. Ukurasa huwa mpya na sehemu ya maoni imefungwa. Bei ni shilingi 350,000 kwa seti nzima, pamoja na mota, servo (vimota vidogo vinavyosogeza vibawa na usukani), betri, rimoti na risiva (kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti), na kila anayeuliza huambiwa kwamba zimebaki mbili tu. Duka lake husemwa liko Kariakoo, lakini ukiomba kwenda kuiona seti kabla ya kulipa, mtaa hubadilika, kisha muuzaji husafiri. Mtu aliyewahi kununua vifaa hivi anajua kwamba rimoti na risiva za kuaminika peke yake zinaweza kumaliza sehemu kubwa ya fedha hizo, kabla hujagusa mbao wala mota. Anayeanza hajui hilo, na ndiye anayewindwa.

Kinachowavuta watu ni ndege yenyewe. Ndege za ukoo wa Moth si ngeni katika anga ya Afrika Mashariki: Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilianza kazi na ndege ndogo ya Gipsy Moth, na Tiger Moth iliyofuata katika ukoo huo iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1931. Muuzaji huyu huyasimulia haya vizuri katika matangazo yake, na msomaji huona kwamba anazungumza na mtu anayezipenda ndege kama yeye.

Lakini tangazo lenyewe linamfichua. Linasema kwamba seti ni ya uwiano wa 1:6 na kwamba urefu kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 1.1. Tiger Moth halisi ina upana wa mabawa wa mita 8.94, kwa hiyo ukigawanya kwa 6 unapata takriban mita 1.49. Ndege ya mita 1.1 ingekuwa ya uwiano wa karibu 1:8, na mtu anayeuza seti kweli hawezi kukosea jambo hilo, kwa sababu ndiyo namba ya kwanza inayoandikwa juu ya boksi. Picha nazo si za ndege moja. Mojawapo inaonyesha ndege yenye injini ya duara, silinda zake zimejipanga kuzunguka pua na ziko wazi, umbo ambalo ni la Stearman ya Kimarekani. Tiger Moth ina pua nyembamba, na injini yake ya Gipsy Major ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na kugeuzwa juu chini. Tangi la mafuta la Tiger Moth linaonekana katikati ya bawa la juu, na vibawa vya kulaza ndege upande viko kwenye mabawa ya chini peke yake. Anayetaka kuitambua picha aanze na pua.

Fedha huchukuliwa kwa awamu. Kwanza hulipwa bei ya seti, kwenda namba ya simu ya mtu binafsi na si namba ya biashara. Baada ya siku chache huja ujumbe kwamba mzigo umefika uwanja wa ndege na unadaiwa ushuru wa forodha, ambao muuzaji atausimamia mwenyewe endapo atatumiwa fedha na picha ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Aliyelipa ushuru huo huambiwa kwamba sasa inahitajika ada ya kibali kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, kwa kuwa chombo hicho kinaruka. Kila awamu ni ndogo kuliko hasara ambayo mtu anaogopa kuipata akiacha, kwa hiyo watu huendelea kutuma wakiamini kwamba wanakomboa fedha yao ya mwanzo. Mwenzetu mmoja kutoka Morogoro alilipa ushuru na kibali vyote viwili kwa mzigo ambao sina shaka kwamba haukuwahi kuwapo.

Hapa naomba nisomwe kwa makini. Ni kweli kwamba urushaji wa vyombo vya anga visivyo na rubani unasimamiwa na TCAA, na ni vyema kila mtu awaulize TCAA wenyewe kabla ya kuagiza au kurusha chochote. Ni kweli pia kwamba mzigo kutoka nje unaweza kutozwa kodi na Mamlaka ya Mapato, TRA. Lakini malipo ya taasisi za serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), ambayo ina tarakimu 12 na kwa kawaida huanza na 99, na ukiiingiza katika simu au benki unaonyeshwa jina la taasisi inayolipwa kabla hujathibitisha. Ofisa wa forodha hapokei kodi kwenye laini yake ya simu, wala mfanyabiashara hana haki ya kukudai fedha za kodi bila kukupa nyaraka zake. Ukidaiwa ushuru, dai kumbukumbu namba. Isipokuwapo, usilipe.

Namba ya kufuatilia mzigo nayo hutumika kuwatuliza watu. Muuzaji huyu huwapa wateja namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi TZ, na kuwaambia kwamba mzigo umetumwa kwa posta ya Uingereza. Katika utaratibu wa posta za dunia herufi mbili za mwisho huonyesha nchi ulikoanzia mzigo, kwa hiyo mzigo wa Uingereza huishia na GB. Kuna kipimo kingine ambacho yeyote anaweza kukifanya kwa kalamu. Tarakimu ya tisa haichaguliwi ovyo, hutokana na nane zilizotangulia: unazizidisha kwa mfuatano wa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, unajumlisha majibu, unagawanya jumla kwa 11 na kuangalia baki, kisha unatoa baki hilo kutoka 11. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Kwa mfano, tarakimu 47312482 hutoa jumla ya 200, baki lake ni 2, na 11 ukitoa 2 unapata 9, hivyo namba kamili lazima iwe 473124829. Namba nilizoonyeshwa na wenzetu hazikupita kipimo hiki hata moja. Namba inayopita si uthibitisho kwamba mzigo upo, lakini isiyopita imetungwa.

Sasa nije kwenye boksi, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba yule kijana angalau alipata kitu. Ndani yake hakukuwa na balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea ndege ndogo, hata kipande kimoja. Balsa inayofaa kwa ndege ina uzito wa kama gramu 0.1 hadi 0.2 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo ubao wa urefu wa mita moja, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 3 huwa na uzito wa gramu 30 hadi 60. Zilizokuwamo ni plaiwudi za kawaida za fundi seremala, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono, na ubao wa vipimo hivyo uliuvuka mpaka huo mara kadhaa kwenye mizani ya jikoni. Ndege ya uwiano huu ikijengwa kwa mbao hizo, mota iliyokuwa ndani ya boksi hilo isingeweza kuinyanyua kutoka ardhini.

Mbavu za mabawa, ambazo ndizo zinazolipa bawa umbo lake, hazikulingana. Tulizipanga pamoja tukashikilia upande mmoja, na ule mwingine ukawa umepanda na kushuka. Kwa ndege ya bawa moja hilo ni kosa kubwa, na kwa ndege ya mabawa yaliyopangana ni hatari zaidi, kwa kuwa mabawa ya juu na ya chini lazima yakae katika pembe zilizopangwa kwa makini. Pembe zikitofautiana kati ya kushoto na kulia, ndege itavuta upande mmoja, na mwendo ukipungua wakati wa kutua inaweza kugeuka ghafla na kuanguka kwa kuzunguka. Nguzo za kushikilia bawa la juu zilikuwa za waya laini unaopinda kwa vidole. Ramani ilikuwa karatasi za A4 zilizopunguzwa ukubwa, ilhali ramani ya kujengea huchapishwa kwa ukubwa uleule wa ndege ili mjenzi apange vipande juu yake na kuvigundisha hapohapo. Servo ziliandikwa kwamba zina meno ya chuma. Tulipofungua moja, meno yalikuwa ya plastiki.

Kilichonitia hofu kuliko vyote ni betri. Ilikuwa ya lithiamu-polima yenye seli tatu, imevimba, na kwenye seli moja kipimo kilionyesha volti 2.1. Seli ya aina hii hujaa ikifika volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 huharibika kwa ndani, na kuichaji tena baada ya hapo ni kujiweka katika hatari ya moto ambao huwaka kwa kasi na kuzimika kwa shida. Kijana huyu anaishi na wenzake chumba kimoja. Betri hiyo ilikuwa imewekwa tu ndani ya boksi, bila mfuko wala kinga kwenye ncha za nyaya. Betri za lithiamu za kuchaji zinazosafirishwa peke yake zimekatazwa kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria tangu Aprili 2016, na hata katika ndege za mizigo hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji na zifungwe kwa masharti. Naamini kabisa kwamba boksi hilo halijapanda ndege yoyote, lilifungwa hapahapa mjini. Aliyepokea boksi kama hilo asiichaji betri hiyo hata kwa majaribio, aitoe nje ya nyumba na kuiweka mbali na vitu vinavyoshika moto, mahali ambapo watoto hawafiki.

Wapo wauzaji waaminifu, na sitaki tahadhari hii iwaumize. Kumtofautisha muuzaji wa kweli si kazi kubwa, ila usimwombe picha ya ndege iliyokamilika, kwa sababu picha hizo zinapatikana kila mahali. Seti ni mbao, ramani, nyaya na maelekezo. Omba simu ya video, umwambie afungue boksi, akunjue ramani na kupima bawa kwa futi ya fundi, aweke ubao mmoja wa balsa juu ya mizani, kisha apange mbavu za bawa la juu pamoja uone kama zinalingana. Mwenye mali atafanya hivyo kwa dakika chache, pengine kwa furaha, maana watu wa kazi hii hupenda kuonyesha. Muulize pia rimoti na risiva ni za mfumo gani, kwa kuwa kutumia masafa ya gigahezi 2.4 hakumaanishi kwamba rimoti yoyote itaelewana na risiva yoyote. Kama anajiita kampuni, jina lake litafutwe BRELA, wakala wa kusajili biashara, na kama kuna njia ya kulipa unapopokea mzigo, itumieni hiyo.

Kwa waliokwisha kulipa, pigeni simu mara moja kwa mtandao wa simu mliotumia, mweleze kwamba ni utapeli, maana fedha ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa na iliyotolewa ni vigumu kuipata. Tumeni namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kuripoti matapeli. Msifute jumbe, hata zile za matusi aliyowatukana mlipodai fedha zenu. Nendeni kituo cha polisi mkafungue taarifa na kuchukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi, mkieleza kwamba wapo walalamikaji wengine, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhusu udanganyifu wa namna hii na malalamiko mengi dhidi ya mtu mmoja huwa na uzito zaidi. Waliomtumia picha za NIDA wapige *106# kuangalia kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao bila wao kujua.

Tangu wiki iliyopita baadhi ya waliotapeliwa wanapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa mtandao wa simu, akidai kwamba fedha zao zimepatikana na kwamba wakitanguliza ada ya marejesho watazipata siku hiyohiyo. Anazijua tarehe na kiasi walichotuma. Msimlipe, na namba yake nayo ipelekwe polisi katika jalada lilelile.