AlphaFold kwa mtafiti wa usugu wa dawa za malaria: inafika wapi?

Kwa mtafiti wa Dar es Salaam anayechunguza jinsi vimelea vya malaria vinavyozikwepa dawa, hifadhidata ya AlphaFold ni huduma yenye thamani kubwa, tena haitozi hata senti moja. Ilifunguliwa mwaka 2021 na kampuni ya DeepMind kwa kushirikiana na EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya taarifa za kibiolojia, na mwaka uliofuata ikavuka miundo ya protini milioni 200 iliyokokotolewa kwa kompyuta. Hapa Upanga huifungua kwa bando la simu, nikauzungusha muundo kwa kidole bila kusakinisha programu yoyote.

Ninachokithamini zaidi ni rangi zake. Sehemu ya buluu iliyokoza ina alama ya uhakika inayozidi 90 kati ya 100. Ya rangi ya chungwa iko chini ya 50, nami huwasisitizia wanafunzi wangu wasijenge hoja yoyote juu yake.

Swali la usugu, hata hivyo, linadai zaidi ya hapo. Tuitazame SP, yaani mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, iliyotangulizwa katika kutibu malaria Tanzania Bara tangu mwaka 2001 hadi sera ilipoipa dawa mseto nafasi hiyo mwaka 2006, na ambayo wajawazito wetu wanapewa kliniki kama kinga. Pirimethamini iliyomo ndani yake hujipachika katika kishimo cha DHFR, kimeng'enya ambacho kimelea hakiwezi kutengeneza DNA bila hicho. Serini, asidi amino iliyo katika nafasi ya 108 ya kimeng'enya hicho, inapobadilika kuwa asparajini, asparajini hiyo iliyo kubwa zaidi hugongana na pete ya dawa yenye klorini, na dawa haikai tena sawasawa. AlphaFold haioneshi mgongano huo: muundo wake hauna dawa ndani, na waundaji wenyewe wanaeleza kwamba haikukusudiwa kupima athari ya badiliko la asidi amino moja.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye miundo iliyopatikana maabara kwa kupiga eksirei fuwele za protini, kazi iliyoongozwa na watafiti wa Thailand na kuchapishwa mwaka 2003. Imo katika Protein Data Bank, hifadhidata ya miundo ya namna hiyo, nayo pia ni bure: muundo wenye msimbo 1J3I ni wa DHFR isiyobadilika, 1J3K ni wa yenye mabadiliko manne. Mwenye protini ambayo hakuna aliyewahi kuipatia fuwele aanzie AlphaFold bila wasiwasi. Mwenye swali la dawa aipandanishe miundo hiyo miwili ya maabara kwanza, na macho yake yatue kwenye nafasi ya 108.