Dawa za mimea za kulinda ubongo: gani ununue hapa Nairobi na gani uwachie mwenye duka

Siku hizi karibu kila mtu ana mzazi ameanza kusahau sahau ama mkono unatetemeka akishika kikombe, na ukishatafuta hiyo maneno kwa simu mara moja tu, matangazo ya kapsuli za ubongo yatakufuata wiki mzima. Wacha nizipange kuanzia ile naweza toa pesa yangu mpaka ile siwezi. Lakini tuelewane mapema, hakuna mmea umethibitishwa kuzuia Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, ama Parkinson, ule wa kutetemeka, na mwenye anakuambia upo huyo ana stoki ya kumaliza.

Namba moja kwangu ni chai, ya kijani ama ya zambarau. Hii ya zambarau ni ya kwetu kabisa, mti unaitwa TRFK 306, watafiti wa chai wa Kericho waliitoa 2011, na hiyo rangi inatoka kwa anthosayanini. Sasa sikia, kuna utafiti wa hapa Kenya ulichapishwa 2014, panya wakapewa hizo anthosayanini na zikaonekana zimevuka ule ukuta unaochuja damu kabla iingie ubongoni, na uwezo wa ubongo wao kupigana na oksidesheni, ule uharibifu wa seli, ukapanda. Najua ni panya, si shosho yako, lakini kuvuka huo ukuta ndio shida kubwa ya hivi vitu vyote na wauzaji wengi hata hawaugusii. Nunua majani yenyewe, usinunue kapsuli za chai ya kijani, juu mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba EGCG, ile kemikali kuu ya chai ya kijani, ikiwa ya suplimenti na ikifika miligramu 800 kwa siku inaweza kuanza kusumbua ini. Mwenye ana damu kidogo asiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia. Kahawa naiweka hapo hapo karibu, kuna wanaume 8,004 wa Honolulu walifuatiliwa miaka na miaka na ripoti ikatoka 2000, wale wa kahawa nyingi walipata Parkinson kidogo kuliko wasiokunywa, ingawa hiyo haimaanishi ni kahawa iliwakinga.

Namba mbili ni mboga za majani, managu, terere, kunde, sukuma. Hapa sina mengi, mama mboga wako unamjua. Wazee 960 wa Chicago walichunguzwa na wale walikula majani kila siku kumbukumbu yao ilishuka polepole zaidi, ilichapishwa 2018. Ila jaribio la miaka tatu la chakula cha aina hiyo, matokeo yakatoka 2023, halikuonyesha tofauti ya maana, kwa hivyo kula juu ni tamu na ni bei ya chini.

Namba tatu manjano, lakini ya mzizi. Nenda City Park ama Ngara ununue mizizi mizima, ukaushe, usage mwenyewe, juu unga wa njano sana unaweza kuwa umeongezwa rangi yenye risasi, yale madini ya sumu (lead), Bangladesh walishika hiyo tabia na risasi yenyewe ndio inaharibu ubongo. Kurkumini, ile kemikali watu wanaitafuta kwa manjano, ni kama asilimia 3 tu na mwili unaipokea shingo upande, ndio maana watu wanaongeza pilipili manga. Weka kwa pilau, weka kwa maharagwe, usitarajie muujiza.

Namba nne ni kapsuli za kurkumini, na tayari tumeingia kwa vitu singenunua. Zinaenda maelfu ya shilingi, jaribio dogo la wagonjwa wa Alzheimer lililochapishwa 2012 halikupata faida, na zile zimechanganywa na piperini, ile kemikali ya pilipili manga, ziingie damuni vizuri zimeumiza watu ini.

Ginko, dawa ya majani ya mti wa Uchina, ni namba tano, na hii inaniuma juu ndio inauzwa sana kwa makemisti na mawakala wa kubisha mlango. Ilipimwa vizuri kuliko zote, watu 3,069 wa Marekani wenye miaka 75 kwenda juu, miligramu 120 mara mbili kwa siku, karibu miaka sita, na 2008 jibu likatoka: haikuzuia dementia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili uzeeni. Kama mzee anameza wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ama aspirini, ginko iache kabisa, anaweza kuvuja damu.

Ya mwisho ni unga wa upupu, ndio, ule wa kuwasha, mbegu zake zinasagwa. Naiweka mwisho si eti haifanyi kazi, shida ni inafanya. Ina levodopa, dawa ile ile daktari anaandikia mtu wa Parkinson, na ukinunua unga River Road hujui kijiko kimoja kina ngapi, na ukiongezea juu ya tembe za hospitali mzee anaweza kuanza kuona watu hawapo ama presha ishuke akianguka bafuni. Haikingi mtu mwenye afya asiugue. Hata galantamini, dawa ya kweli ya Alzheimer iliyotokana na maua ya galanthusi, inapunguza dalili tu na inatolewa kwa cheti cha daktari.

Kwa hivyo ukinunua chochote cha chupa uliza kama kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, weka risiti, na siku ya kliniki mbebee daktari hiyo chupa aisome lebo, usimuelezee kwa kichwa. Na kama mzee presha yake haijapimwa mwaka huu, ama anakuambia urudie maneno juu haskii, anza na hizo kabla ya duka lolote, juu presha na masikio pia zinahusishwa na kusahau.