Uzoefu wangu: miezi sita darasa la cherehani, Igoma, Mwanza

Nilijiunga baada ya mtaji wangu wa dagaa pale soko la Kirumba Mwaloni kukata. Ada ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kitambaa, mkasi na futi unajitegemea.

Nianze na lililoniuma. Tulikuwa wanafunzi 16, vyerehani vinne, na kimoja mkanda wake ulikuwa unateleza. Kuna siku nilikaa darasani tangu asubuhi hadi saa nane mchana, nikakanyaga cherehani dakika 20 tu. Kwa mama aliyeacha watoto kwa jirani, hiyo ni hasara. Nikalalamika, nikaambiwa nivumilie. Namaliza kozi, vyerehani ni vilevile vinne.

Ila mwalimu wetu, Mungu ambariki. Wiki mbili za mwanzo hatukugusa kitambaa, tulikata karatasi za mifuko ya saruji. Siku ya sketi ya shule akaniambia, "Kunja marinda, kiuno inchi 24." Nikakunja, karatasi ikaisha sijafika hata nusu. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya rinda moja: tabaka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kumbe marinda ya kubanana yanakula mara tatu ya kiuno, yaani inchi 72, na hapo hujaweka za mshono. Leo mteja akiniletea kitambaa pungufu namwambia palepale, kabla sijashika mkasi.

Alitufundisha pia kuihudumia mashine: kutoa vumbi la uzi kwenye bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kutia mafuta. Chini ya kitambaa kukijaa mafundo ya uzi, usikimbilie kukaza bobini, tazama kwanza uzi wa juu umepita njia yake. Hilo peke yake limeniokolea hela nyingi ya fundi.

Kasoro nyingine: hatukufundishwa kurekebisha nguo. Nilidhani nitakula kwa magauni ya vitenge, lakini vitenge vina msimu, na sare zinakuja Desemba na Januari. Hela ya mboga ya kila siku inatoka kwenye suruali za mitumba za soko la Mlango Mmoja: kupunguza kiuno, kukata urefu, kubadili zipu. Hayo nilijifunzia kibarazani kwa fundi jirani, bure, na ndiyo yalipaswa kuwa somo la kwanza kwa watu wa hali yetu.

Ukitaka kujiunga, usilipe kwa simu. Nenda katikati ya wiki, hesabu vyerehani vinavyofanya kazi, hesabu na vichwa. Mdogo wangu anaanza Jumatatu kwa mwalimu yuleyule, ila zamu ya jioni. Wako saba.